Sauti Tuliyoruhusiwa Kuitibu

Kijana akinipigia simu kuniuliza amri ya kusakinisha programu fulani kwenye Linux, namjibu kwa swali: inatoka droo gani? Wengi husema mtandao unasumbua. Mtandao hausumbui chochote. Wameudhika, nami siwalaumu, maana nilipokuwa na umri wao niliudhika vilevile kila nilipoulizwa hivyo.

Nimestaafu. Ninaishi Bweri, kwenye nyumba ambayo bado ina chumba kimoja bila plasta, nafuga kuku, na juu ya meza ya sebuleni pana kompyuta tatu za watu wasiotaka kuamini kwamba nimestaafu. Miaka yangu ya kazi niliipitisha nikiwa fundi wa kompyuta za shule na ofisi, Musoma mjini kwanza, halafu Bunda, halafu huku na huko Butiama. Waliniita Mama Bwire kwa jina la mwanangu wa kwanza, na walikuwapo wateja waliodhani Bwire ni jina la kampuni.

Ninawaandikia ninyi mnaoianza kazi hii sasa. Sina hotuba. Nina makosa yangu kadhaa, na moja kati ya hayo lilikaribia kumtoa mwalimu mmoja darasani. Hilo ndilo ninalotaka mlijue, ila nikianza nalo hamtanielewa, kwa hiyo nivumilieni kwanza nieleze habari za droo.

Linux, kwa asiyeijua, ni mfumo wa kuendeshea kompyuta. Ukitaka programu huhangaiki kuitafuta mtandaoni ovyo ovyo. Waliotengeneza mfumo wamekusanya maelfu ya programu kwenye ghala lao, nawe unaagiza kutoka humo. Zipo Linux za aina nyingi, na kila moja ina namna yake ya kupanga ghala. Ile tuliyoitumia sisi ililigawa ghala lake sehemu nne: main, restricted, universe na multiverse. Mimi nilizoea kuziita droo, na jina hilo likanata kwa mafundi wenzangu.

Mwanzoni nilidhani droo hizo ni madaraja ya ubora, kwamba main ni vitu vizuri na multiverse ni makapi. Aliyenitoa ujinga huo ni Mugeta, fundi aliyenifundisha kazi pale Musoma mjini. Alikuwa mtu mfupi, mwenye maneno machache, na mwenye tabia mbaya ya kula furu wa kukaanga, vile visamaki vya ziwani, juu ya kibodi za wateja. Siku moja alinikuta nimeziandika droo zote nne kwenye daftari kwa namba, ya kwanza mpaka ya nne.

"Nani alikwambia hayo ni matokeo ya mtihani?" akaniuliza.

"Si ndiyo zilivyopangwa, fundi?"

"Futa. Uwe unaulizaga maswali mawili tu. Moja, hii programu ni huria ama si huria? Mbili, nani anailea? Ukishajibu hayo, droo unaijua bila kuambiwa."

Nikafuta, akanieleza huku akitema miba. Programu huria ni ile ambayo leseni yake inakuruhusu uitumie kwa kazi yoyote, uone ilivyoandikwa ndani, uibadilishe ukitaka, na uwagawie wengine. Droo ya main ina programu huria zinazolelewa na wenye mfumo wenyewe, na zikipata kasoro wao ndio hurekebisha. Universe nayo ina programu huria, ila walezi wake ni watu wa kujitolea, na wakichoka inakaa hivyo hivyo. Restricted haina programu huria, lakini wenye mfumo wanazihudumia kwa sababu bila hizo vifaa fulani haviwaki. Humo mna draiva, yaani programu za kuendeshea vifaa, za kadi za mtandao na za picha ambazo viwanda vimezitoa zikiwa zimefungwa, huoni ndani. Multiverse si huria, na wenye mfumo hawakuahidi kitu. Ukifungua hiyo, soma leseni mstari kwa mstari kabla hujagusa.

"Na huria si bure," akaongeza. "Usichanganye."

Alikuwa na maana kwamba programu inaweza kuwa bure kabisa, ukaichukua bila kutoa hata shilingi, na bado leseni yake ikakukataza kumpa jirani nakala au kubadilisha chochote ndani. Nililiandika neno hilo kwenye daftari na kulipigia mstari. Miaka mingi nililifundisha kwa wengine, tena kwa sauti ya kujiamini, kabla sijalielewa.

Mugeta alikuwa na sharti jingine. Kila programu iliyotoka ghalani huja na faili dogo liitwalo copyright, linakaa kwenye folda ya maelezo yake, na ndani yake pameandikwa nani ameitengeneza na kwa leseni gani. Kabla sijasakinisha kitu kwenye kompyuta ya mteja ilinibidi nilifungue faili hilo nimsimulie kilichomo. Nikijaribu kubuni alijua mara moja, kwa sababu alikuwa ameshalisoma. Sijui alipataga wapi muda huo.

Basi nikageuka mlokole wa programu huria. Mnawajua walokole wapya walivyo. Nilitumwa shule moja ya Butiama, upande wa Buswahili, kukagua kompyuta sita ambazo mtu mwingine alikuwa ameziwekea Linux. Nikakuta draiva kutoka droo ya restricted. Bila kumuuliza mtu nikaziondoa zote, nikawaambia walimu kwamba sasa kompyuta zao ziko safi. Mwalimu wa zamu akajaribu kufungua mtandao. Haukufunguka. Kumbe nilikuwa nimeondoa draiva ya kadi ya mtandao yenyewe, na ili niirudishe nilihitaji mtandao, ambao nilikuwa nimeukata mwenyewe kwa mkono wangu.

Mvua ilikuwa inanyesha. Nilipanda bodaboda, nikabadilisha gari, nikafika Musoma nimelowa mpaka kwenye begi, kuchukua faili moja linaloenea kwenye flashi ya kawaida. Mugeta alinitazama maji yakinidondoka sakafuni.

"Kompyuta zao ziko safi?" akauliza.

"Ziko safi."

"Basi wapelekee na stempu, wawe wanatumaga barua."

Tangu hapo sijawahi kuitukana droo yoyote. Ninachoomba ni kujua ninachokiingiza ndani ya nyumba ya mtu. Na nanyi nawaomba, mkienda mahali pasipo mtandao wa uhakika, mbebe draiva za kadi za mtandao kwenye flashi kabla ya kitu kingine chochote. Hilo ni la bure na ni huria.

Sasa niwaambie habari ya mkoba, kwa sababu ndiko kosa langu kubwa lilikoanzia. Zamani mtandao wetu ulikuwa wa kubahatisha, na kuagiza programu kubwa kutoka ghalani kulichukua siku nzima. Kwa hiyo sisi mafundi tulinunua diski kubwa moja kwa kuchangiana. Mwenzetu aliyekuwa Mwanza, penye mtandao mzuri, alinakili ghala zima humo, kisha akaikabidhi kwa kondakta wa basi ikiwa imefungwa kwenye kitenge. Tuliipokea stendi ya Bunda. Tulikuwa wanne, wa Musoma, wa Butiama na wawili wa Bunda. Tulikaa kwenye banda la mama mmoja wa chai karibu na stendi, tukanakiliana mpaka betri za laptopu zikaisha. Tuliuita mkutano huo "kufungua mkoba", na mama wa chai alidhani sisi ni waganga.

Diski ilijaa. Mmoja wetu, simtaji kwa sababu ni mimi, akapata wazo la kupunguza ukubwa wake. Nikatoa programu kwenye droo zao nne, nikafuta zilizojirudia, nikazimwaga zote kwenye folda moja. Nikaiita VYOTE. Wenzangu wakanishukuru, maana sasa ilikuwa rahisi kutafuta. Hakuna aliyeuliza droo zimekwenda wapi, na mimi mwenyewe mwanafunzi wa Mugeta sikujiuliza. Mugeta wakati huo alikuwa ameshahamia kwa watoto wake, mbali.

Mwalimu Masatu alifundisha Historia na Uraia kwenye sekondari moja ya Bunda ambayo kompyuta zake nilikuwa nazihudumia. Alipatwa na presha ya macho, na alipokwenda hospitali ilikuwa imeshakula sana. Kwa mwaka mmoja na nusu aliificha. Aliyajua masomo yake kwa moyo, aliijua njia ya kutoka ofisi ya walimu mpaka darasani kwa hatua, na mkewe alimsomea madaftari ya wanafunzi nyumbani. Halafu siku moja akaandika ubaoni juu ya maandishi ya mwalimu aliyetangulia, mstari juu ya mstari, mbele ya darasa zima. Hapo ndipo mambo yalipojulikana.

Mkuu wa shule, mama mmoja mpole lakini mwenye msimamo, alinipigia simu. Bodi ya shule ilikuwa imeanza kusema Mwalimu Masatu aondolewe darasani apewe kazi ya kukaa ofisini. Nilimkuta mwenyewe ameketi kwenye maabara ya kompyuta, suti yake ya kijivu imepigwa pasi vizuri.

"Mama Bwire, wanasema nikae ofisini," aliniambia. "Ofisini nifanyeje? Nitakuwa pazia. Upepo ukija natikisika, upepo ukiondoka natulia. Mimi ni mwalimu."

Nikamwambia ipo programu inayosoma kwa sauti kila kilichoko kwenye skrini, na kwamba akijifunza kutumia kibodi bila kuangalia ataandaa masomo yake, atatunga mitihani na kusoma kazi za wanafunzi zilizochapwa. Alijifunza haraka kuliko walimu wenye macho. Tatizo lilikuwa sauti. Ile iliyokuja na mfumo, kutoka droo ya main, ilizungumza Kiswahili kama mtu aliyemwagiwa maji ya baridi. Haikupumua kwenye mkato wala kwenye nukta. Miaka iliisoma tarakimu moja moja, kwa hiyo mwaka wa uhuru ulitoka "moja tisa sita moja", kama namba ya simu.

"Huyu ni kondakta," Mwalimu Masatu akasema. "Anaitaga abiria. Nitolee."

Nikafungua VYOTE, nikatafuta, nikapata sauti nyingine. Ya mwanamke, tulivu, kama mtangazaji wa taarifa ya habari. Nikaisakinisha. Sikufungua faili la copyright. Ilikuwa bure, ilikuwa kwenye diski yetu, na mwalimu alikuwa anatabasamu. Nilidhani hayo yanatosha. Alimpa jina, akamwita Shangazi. Kwa miezi saba Shangazi alimsomea Mwalimu Masatu kila kitu, na mkuu wa shule akaiomba bodi impe nafasi aje aonyeshe mwenyewe kwamba anaweza kazi. Bodi ikakubali. Ijumaa saa nne asubuhi, na baada ya hapo waamue moja kwa moja, abaki darasani au aondoke.

Jumatatu ya wiki hiyo nilikwenda kuboresha mfumo wa kompyuta zote uwe toleo jipya. Nilitaka siku ya bodi kila kitu kiwe kipya. Katikati ya kazi kompyuta ikaniuliza: kuna programu ambazo haziendani na toleo jipya, zitaondolewa, unakubali? Orodha ilikuwa ndefu. Nikabonyeza ndiyo.

Mchana Mwalimu Masatu aliketi, akavaa visikilizio, akagusa kibodi. Akagusa tena.

"Mama Bwire, Shangazi amenyamaza."

Nilijaribu kumrudisha saa tatu nzima. Programu ilikuwa imeandikwa kwa toleo la zamani, walioitengeneza walikuwa wameshaachana nayo, na namna ilivyoandikwa ndani hawakuwahi kuitoa hadharani, kwa hiyo hapakuwa na mtu duniani anayeweza kuirekebisha isipokuwa wao. Ndipo nikafanya nilichotakiwa kufanya miezi saba kabla. Nilifungua faili la copyright kutoka kwenye diski. Ilikuwa imetoka multiverse. Leseni yake ilisema: kwa matumizi ya mtu binafsi nyumbani kwake, si kwa shule, ofisi wala taasisi yoyote, hairuhusiwi kunakiliwa, hairuhusiwi kubadilishwa.

Niliisoma mara ya pili. Kwenye bodi ile alikuwamo afisa elimu mmoja aliyejulikana kwa swali lake la leseni, kwa kuwa shule kadhaa zilikuwa zimeshaonywa kwa kutumia programu za wizi. Angeuliza, hakuna shaka. Na mwalimu ambaye kesi yake nzima ni kwamba anaweza kazi bila kasoro angejikuta anatetea kitu kisichoruhusiwa, ambacho nimemwekea mimi. Niliona aibu ambayo sijaiona tena maishani.

Nilimwambia yote, bila kupunguza. Alisikiliza mikono ikiwa magotini.

"Kwa hiyo hata angekuwa mzima, hakutakiwa kuwa hapa," alisema.

"Hakutakiwa, mwalimu. Ni kosa langu. Ninaweza kurudisha toleo la zamani kwenye kompyuta yako, aongee mpaka Ijumaa, halafu tutafute..."

"Hapana." Hakupandisha sauti. "Nikiwadanganya Ijumaa, Jumatatu nawafundisha nini watoto wa Uraia? Na huyo Kondakta, leseni yake inasemaje?"

Hilo nililijua, lakini safari hii nililifungua faili nikamsomea. Kondakta alikuwa huria. Ruhusa ya kumtumia popote, kumnakili, kumfungua ndani na kumbadilisha, kwa sharti kwamba ukimgawa akiwa na mabadiliko yako, uyagawe na mabadiliko hayo kwa ruhusa ileile.

"Basi Shangazi amekufa na hatibiki," akasema Mwalimu Masatu. "Kondakta ni mgonjwa, lakini tumeruhusiwa kumtibu. Mlete."

Vijana wangu, miaka yote ile nilikuwa nasema "huria" kama mtu anavyosema sala aliyoizoea. Siku ile ndipo nilipofungua kwa mara ya kwanza programu ya mtu mwingine ili niibadilishe. Niliogopa. Nilitarajia kukuta mambo ya wanasayansi, nikakuta mafaili ya maandishi ya kawaida: kanuni za Kiswahili, mstari baada ya mstari, zilizoandikwa na mtu aliyejitahidi kwa moyo wote lakini ambaye bila shaka hakuwahi kuketi kwenye banda la chai la Bunda akasikiliza watu wakiongea.

Tulikaa maabara kuanzia Jumanne, kila baada ya masomo. Yeye alisikiliza, mimi niliandika. Kwanza tukaitafuta pumzi. Nikaongeza kituo kidogo kwenye mkato, akasema ni kifupi, nikarefusha, akasema sasa Kondakta amesinzia, nikapunguza. Halafu tarakimu. Ilibidi tumwambie Kondakta kwamba tarakimu nne zikitanguliwa na neno "mwaka" zisomwe kama watu wanavyosema. Mara ya kwanza nilikosea, akasoma mwaka wa uhuru na kuongezea neno "mia" kila mahali, mpaka mwalimu akacheka akashika mbavu. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu macho yalipomwacha.

Jumatano jioni, baada ya kujaribu mara nyingi kuliko ninavyokumbuka, Kondakta akasema, "Mwaka elfu moja mia tisa sitini na moja," akapumua, akaendelea.

"Rudia," mwalimu akasema.

Nikarudia.

"Huyo sasa anaingia darasani kwangu."

Alhamisi nilimtengenezea kifurushi cha kusakinisha chenye marekebisho yetu, na maandishi ya kanuni zetu, nikaviweka kwenye flashi. Nilidhani tumemaliza. Yeye akaniomba nimfundishe amri za kukisakinisha. Nikamwambia hana haja, mimi nitakuwapo. Akaniambia, "Wewe unakujaga mara moja kwa mwezi, Mama Bwire. Mimi nafundisha kila siku." Akazikariri amri, akazichapa mara kumi au zaidi, nami nikimtazama tu.

Ijumaa bodi iliketi ofisini kwa mkuu wa shule. Mwenyekiti alikuwa mkulima wa pamba wa upande ule, mzee mwenye kofia aliyoishika mapajani. Afisa elimu alikuwa na daftari. Mwalimu Masatu aliwasomea andalio la somo, akatunga swali la mtihani mbele yao, akasoma jibu la mwanafunzi na kulisahihisha. Yalikwenda vizuri, na mimi nilikuwa nimeanza kupumua, afisa alipoinua kalamu.

"Hii ni kompyuta moja, imeandaliwa na fundi, na fundi amekaa hapa. Ikiharibika wiki ijayo fundi hayupo?"

Nilifungua mdomo. Mwalimu Masatu akaninyooshea kiganja ninyamaze.

"Mkuu, ile ya kwako ya mezani inawaka?"

"Inawaka, mwalimu, ila haijawahi kuguswa na Mama Bwire kwa mambo haya."

"Ndiyo maana naitaka."

Akaongozwa mpaka kwenye kiti cha mkuu. Akawasha usomaji wa sauti kwa kibodi, akachapa sentensi moja ya Historia, na Kondakta wa zamani akafyatuka kama kawaida yake, mwaka wa uhuru ukatoka "moja tisa sita moja". Mwenyekiti akaguna. Mwalimu akapapasa pembeni ya kompyuta akalipata tundu, akachomeka flashi. Akaanza kuchapa. Alikosea mara moja. Nikaona kosa kwenye skrini, nikaubana ulimi kwa meno. Kompyuta ikamsomea kwamba amri haijulikani, akafuta, akachapa upya, akamwomba mkuu aingize nywila yake. Tukasubiri. Halafu akairudia sentensi ileile, na mwaka ukatoka mzima, wenye pumzi.

"Tunaruhusiwa?" afisa akauliza. "Kuiweka kwenye kompyuta ya shule hivi hivi, na kuibadilisha? Leseni iko wapi?"

"Imo humu, afisa. Nikusomee?"

Mwalimu akalifungua faili mwenyewe, akabadilisha lugha, na Kondakta akaanza kusoma leseni yake kwa Kiingereza, taratibu. Kila kipengele mwalimu alikisimamisha akakieleza kwa Kiswahili kama anavyoeleza katiba darasani. Tunaruhusiwa kutumia. Tunaruhusiwa kunakili. Tunaruhusiwa kubadilisha. Tukigawa, tugawe na ruhusa hiyo. Sijawahi kuona watu wazima wakisikiliza leseni ya programu kwa utulivu namna ile, na naamini sitaona tena.

"Kwa hiyo hii sauti ni ya nani?" mwenyekiti akauliza.

"Ina mwenyewe, mzee, aliyeitengeneza. Ila ametupa idhini kama mtu anayekwambia chukua jembe langu, ukilinoa, na jirani yako akija kuazima, mpe likiwa limenolewa."

Mzee akaitazama kofia yake. Afisa akaandika kitu kirefu kwenye daftari, akakisoma kimya kimya, akampa mwenyekiti, mwenyekiti akatikisa kichwa kwa kukubali. Mwalimu Masatu hakuona lolote kati ya hayo. Alikuwa ameketi wima, vidole juu ya kibodi, akisikiliza kalamu na karatasi. Mimi nilikuwa nimeshaona, machozi yananitoka, na sikuweza kumwambia.

"Mwalimu," afisa akasema, "kipindi chako cha kwanza Jumatatu ni saa ngapi?"

Mwalimu Masatu akafungua kinywa kujibu, sauti ikamkataa. Akajaribu tena, ikamkataa. Basi akainamisha kichwa na kuchapa, na kompyuta ya mkuu wa shule ikajibu kwa niaba yake, ikipumua kwenye kila mkato: "Jumatatu, kidato cha pili, saa mbili na dakika ishirini."